Huku Kwetu, Chukua Kubwa

“Kama mashine si mbovu, na mimi si mwongo, basi ni nini?”

Mzee aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa kwenye sakafu ya karakana ya baba, mkono mmoja ameuweka juu ya tangi la kompresa kama mtu anayempima mtoto homa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na daftari. Daftari hilo lilikuwa na majibu mengi, nimeyapanga kwa safu na kuyapigia mstari. Jibu la swali hilo halikuwemo.

Baba alikuwa seremala. Karakana aliijenga nyuma ya nyumba yetu hapa Munyaka, Eldoret, ya mabati na mbao za masalio, na kwa miaka yote niliyokaa nyumbani nilijua ameshaamka kwa sababu ya kompresa yake. Ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Mama alifariki nikiwa sekondari. Baba alimfuata nikiwa nimebakiza muhula mmoja chuo kikuu. Nilirudi Eldoret na digrii ya takwimu, nikafungua mlango wa nyumba yenye vyumba vitatu vya kulala, na nikalala katika kile kile cha utotoni, kwa sababu sikujua mtu anahamiaje katika chumba cha wazazi wake.

Mwezi wa kwanza kina mama wa kanisa walikuja kila Jumatano. Waliimba, waliomba, walinioshea vyombo. Mwezi wa pili walikuja mara mbili. Baada ya hapo nikikutana na mmoja sokoni aliniambia kwamba wananikumbuka. Siwalaumu. Nilikuwa na tabia ya kuuliza maswali baada ya maombi.

Nilituma barua za kazi hadi nikajua kuziandika bila kuzifikiria. Nilipika githeri Jumapili na kuila hadi Alhamisi. Mwuza sukuma wiki hakuwa na fungu dogo la mtu mmoja, kwa hiyo kila wiki nilitupa nusu ya fungu, majani yakiwa yameshakuwa manjano. Kuna siku nilifika saa kumi za jioni nikagundua kwamba sijatamka neno hata moja tangu niamke, nikasema “haya” kwa sauti, jikoni, ili nijue kama sauti ipo.

Ndugu yangu anafanya kazi Nairobi, ana mke na watoto. Alikuwa akinipigia simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alitaka karakana ibomolewe tujenge vyumba vya kupangisha wanafunzi. Hakusema kwa ubaya. Alisema pale nyuma pamelala tu, na kwamba mimi mwenyewe nitafurahi kusikia watu uani. Nikamwambia ninataka kufanya kazi ya baba. Nyuma yake nikasikia watoto wake wakigombania kitu.

“Sawa,” akasema. “Nikija Disemba nionyeshe kazi moja iliyokamilika, ya mteja wa kweli, si meza yako mwenyewe. Ukinionyesha, sitaigusa hiyo karakana tena. Usiponionyesha, Januari inabomolewa.”

Ilikuwa mwanzo wa Oktoba.

Useremala niliujua kiasi. Likizo zote nilizipitishia pale ndani, mwanzo kwa kulazimishwa, halafu kwa kupenda. Kazi nayo ilipatikana upesi kuliko nilivyotarajia: mwalimu mstaafu aliyekuwa akijenga nyumba yake Kaptagat, ambaye baba alimtengenezea viti zamani, alinipa milango kumi na minane ya makabati ya jikoni. Alitaka rangi nyeupe ya maziwa, laini kabisa, isiyo na alama hata moja ya brashi. “Iwe kama mlango wa friji,” alisema, akipitisha kiganja hewani kunionyesha ulaini wenyewe.

Rangi ya namna hiyo haipakwi, hupulizwa. Na kuipuliza kunahitaji kompresa, mashine inayoshindilia hewa ndani ya tangi.

Ya baba ilikuwa pale pale kwenye kona, chini ya gunia. Nilikwenda kumwita fundi aliyekuwa akiitengeneza, mzee mwenye kibanda karibu na steji ya matatu, aliyetengeneza pia pampu za maji na mashine za kuoshea magari. Alikuja na spana moja tu. Alifungua valvu ya chini ya tangi na maji mekundu ya kutu yakatoka. Halafu akaligonga tangi taratibu kuanzia juu hadi chini, kichwa amekiinamisha.

“Hili limeliwa kwa ndani,” akasema. “Ukilijaza upepo, siku moja litakutoa roho.”

Nikamwuliza amejuaje bila kulifungua.

Alinitazama kidogo. Akagonga tena mahali pawili. “Sikia hapa. Sasa sikia hapa.”

Nilisikia tofauti. Au nilisikia kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kuna tofauti. Hilo ndilo nililolifikiria, na nadhani lilionekana usoni, kwa sababu alicheka na kuniuliza nilisomea nini. Nilipomwambia, akasema baba alikuwa amemwambia ana msichana ambaye hata akionyeshwa mvua atatoa mkono nje kwanza. Tangu siku hiyo akaniita Digrii.

Alianza kupita asubuhi, akielekea kibandani. Alikuwa akisema amekuja kuangalia kama nimeamua kompresa ya kununua. Nilimpikia chai. Alipenda chai yenye maziwa mengi kuliko maji, akaniambia wazi kwamba yangu ni ya hospitali, kwa hiyo nikaanza kununua nusu lita ya maziwa badala ya kikombe kimoja. Mwuza maziwa aliniuliza kama nimepata mgeni. Nikasema ndiyo. Nakumbuka jinsi nilivyofurahi kulisema neno hilo, na jinsi nilivyojionea aibu kwamba nimefurahi.

Tulikuwa tunakaa kwenye benchi la baba, kikombe cha Mzee kwenye randa, changu sakafuni, tukijadiliana kuhusu kompresa. Nilikuwa nimesoma kila kitu nilichokipata kwenye simu. Nilijua kwamba ukubwa wa tangi si jambo kuu, kwamba presha kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo si jambo kuu, kwamba cha kuangalia ni hewa kiasi gani mashine inatoa kwa dakika na kipulizio chako kinakula kiasi gani kwa dakika. Cha kwanza kikizidi cha pili, umepona. Kipulizio cha baba kilikuwa na kipimo chake kimechorwa kwenye mpini. Nilifanya hesabu, nikajiachia ziada ya sehemu moja kwa kumi, nikapata jibu: mashine ya nguvu za farasi mbili, tangi la lita hamsini.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Akavuta chai.

“Hiyo itakusumbua,” akasema. “Chukua ya farasi tatu. Tangi la lita mia.”

“Kwa nini?”

“Huku zinasumbua, hizo ndogo.”

“Huku wapi?”

“Huku kwetu. Chukua kubwa kuliko unayohitaji.”

Nikamwonyesha hesabu tena. Nikamwuliza ni namba gani kati ya hizo iliyo na makosa. Hakuigusa karatasi. Alisema hajui namba, ila amefunga kompresa nyingi kuanzia hapa hadi Iten, na kila mtu aliyenunua ile inayotosha alirudi kumwambia haitoshi. Nikamwuliza kama waliweka nyaya nyembamba. Wengine, akasema. Kama walikuwa na upepo unaovuja kwenye mabomba. Wengine. Na waliobaki je? Akainua mabega.

“Digrii,” akasema, “si lazima kitu kikuambie sababu ndipo kikusumbue.”

Nililicheka jambo hilo mbele yake na kulichukia nilipobaki peke yangu. Chuo kizima kilinifundisha kwamba mtu anayekwambia ununue kikubwa zaidi na hana sababu, basi sababu anayo, ila si ya kukuambia. Kila mtu hapa anajua kwamba fundi akimpeleka mteja dukani, kuna kitu chake kinabaki nyuma ya kaunta. Hata baba alikuwa hakubali fundi amfuate dukani. Na ile kubwa ingekula hela yote niliyoiweka kwa ajili ya rangi. Lakini sikuwa na namna. Nilishakwenda dukani peke yangu, na mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani shingoni, aliniuliza swali moja tu: “Fundi wako ni nani?” Nilipomwambia sina, ninanunua mwenyewe, alinionyesha mashine kwa kidole kutoka pale alipokaa, kama mtu anayekuelekeza choo, akaendelea kuhudumia wengine. Hakuniamini mimi zaidi ya nilivyowaamini mafundi na wenye maduka.

Basi tulikwenda na Mzee. Mama huyo huyo aliinuka, akavaa miwani, akamsalimu kwa mikono miwili. Kompresa zilipangwa karibu na mlango, nyekundu kwa bluu. Mzee alizizungukia. Aligusa mapezi ya kichwa cha pampu, akazungusha feni kwa kidole, akanusa mafuta. Halafu yeye na mama wakazungumza kwa lugha yao, ambayo siifahamu. Mtu aliyekulia mji huu katika miaka niliyokulia mimi, miaka ya ghasia baada ya uchaguzi, anajifunza mapema kusikiliza watu wanapobadilisha lugha mbele yake. Nilisikia tu neno “farasi tatu” likipita katikati ya maneno nisiyoyajua, na wote wawili wakanitazama.

“Nitachukua hii,” nikasema, nikaweka mkono juu ya ile ndogo.

Mama alimtazama Mzee. Mzee alitazama barabarani, ambapo trekta lilikuwa likivuta mahindi.

“Ni yake,” akasema. “Mpatie anayotaka.”

Aliifunga mwenyewe siku iliyofuata. Alinikataza kutumia waya mrefu wa kuunganisha, akaichomeka moja kwa moja ukutani. Akaisawazisha juu ya vipande vya mpira wa gurudumu ili isitetemeshe sakafu. Alipoiwasha, sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ya ile ya baba, ya haraka haraka, lakini ilijaza ile nafasi. Nilikuwa nimesahau jinsi sauti ile inavyopita ukutani hadi jikoni. Mzee alisikiliza, akakubali kwa kichwa, akanywa chai vikombe viwili.

Milango ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeikata, nimeipiga msasa, nimeipaka rangi ya kwanza. Nilingoja asubuhi isiyo na upepo, nikamwagia sakafu maji ili vumbi litulie kama baba alivyokuwa akifanya, nikaanza.

Mpapaso wa kwanza wa kipulizio, kutoka ukingo hadi ukingo wa mlango, ulitoka kama maziwa. Wa pili pia. Kwenye wa tatu nilisikia kipulizio kikilegea mkononi, kama mtu anayeishiwa na pumzi katikati ya sentensi, na rangi ikaanza kutoka kwa matone. Kompresa ilikuwa inanguruma muda wote na mshale wa presha unashuka. Mlango uliokuwa mbele yangu ulibaki na vijivimbe kama ganda la chungwa. Nikajaribu mlango wa pili. Hivyo hivyo. Nikazima, nikakaa kwenye benchi na kuvitazama vitu viwili vyeupe vilivyoharibika, na kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba Mzee atacheka.

Sikumwita. Nilichukua simu na daftari, nikaanza kupima. Kijitabu kilichokuja na mashine kilisema tangi tupu linajaa kwa dakika tatu. Nikamwaga upepo wote, nikawasha, nikahesabu. Dakika tatu na sekunde hamsini. Nikarudia. Dakika tatu na sekunde arobaini na saba. Nikarudia asubuhi, mchana, jioni, mashine ikiwa baridi, ikiwa moto, kichujio kikiwa kimefungwa, kikiwa kimefunguliwa. Nilipima mara ishirini na nne. Haikukaribia dakika tatu hata mara moja. Kazi ile ilinipa raha ambayo sasa naiona ilikuwa mbaya: kwa siku mbili nilikuwa na mtu wa kubishana naye kichwani.

Ndipo nilipomwita. Alikuja na kikombe cha maji ya sabuni na kipimo cha stima. Alipaka povu kila kiungo na hakuna hata kimoja kilichotoa kiputo. Akapima stima ukutani, akapima mashine ikinguruma, ilikuwa sawa. Alifungua kichwa cha pampu, akatazama valvu zake, vibati viwili vyembamba vinavyong’aa, akavipangusa na kuvirudisha. Ilimchukua asubuhi nzima. Chai yake ilipoa kwenye randa, ikafanya utando.

“Mashine ni nzima,” akasema.

Nikamfungulia daftari. Nikamsomea namba zote ishirini na nne, wastani wake, na pengo kati ya wastani na kijitabu. Nikamwambia pengo la namna hii haliji kwa bahati. Nikamwambia kuna mambo mawili tu yanayowezekana. Ama mashine ni bandia na yeye na yule mama walijua tangu dukani, ndiyo maana walizungumza kwa lugha nisiyoielewa. Ama ilikuwa nzima na yeye aliigusa wakati wa kuifunga, ili nirudi kununua ile kubwa.

Nilisema kwa utulivu. Ninakumbuka nilijivunia ule utulivu.

Hapo ndipo alipochuchumaa, akaweka mkono juu ya tangi, akaniuliza: kama mashine si mbovu, na yeye si mwongo, basi ni nini?

Halikuwa swali la kujitetea. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Alikuwa ananiuliza kwa sababu alitaka kujua. Miaka yote aliona kitu kile kile, hakuwa na jina lake, na mbele yake alisimama mtu wa kwanza aliyeipima ile hali kwa saa na kuiandika. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja kuambiwa.

“Hilo ndilo ninalokuuliza wewe,” nikasema.

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akachukua kipimo chake cha stima.

“Baba yako alikuwa ananibishia pia,” akasema. “Lakini yeye alikuwa akibisha huku akininywesha chai.”

“Chai iko hapo, Mzee.”

“Imepoa.”

Akaenda. Kikombe cha maji ya sabuni alikisahau juu ya benchi, na kilikaa pale hadi maji yakakauka yakaacha duara jeupe. Maziwa niliendelea kununua nusu lita kwa siku tatu. Ya siku ya nne yaliganda, na mwuza maziwa alipofika langoni nikamwambia anipimie kikombe kimoja.

Sikuirudisha mashine. Kuirudisha kungenihitaji kusimama mbele ya mama yule na kuulizwa tena fundi wangu ni nani. Na Disemba ilikuwa inakuja. Kwa hiyo nikatafuta njia ya kufanya kazi na kile kilichokuwepo. Niligundua kwamba tangi likijaa kabisa ninapata mipapaso miwili mizuri na nusu ya wa tatu. Nikaacha ule wa tatu. Mipapaso miwili, halafu nasimama, nangoja mashine ijaze, halafu miwili tena. Milango kumi na minane, pande mbili, rangi mara tatu.

Sijui mtu anayengoja hufanya nini kwa kawaida. Mimi nilisimama. Nikiwa nimefunga kitambaa puani na kipulizio mkononi sikuweza kukaa wala kushika simu. Nilitazama mshale ukipanda. Nilijua mahali utakapositasita na mahali utakapoharakisha. Niliwazia barua za kazi ambazo hazikujibiwa, na mama, ambaye sauti yake nilikuwa nimeanza kuisahau huku nikikumbuka kikohozi chake vizuri sana. Mashine ikifika mwisho ilikata ghafla, na kimya kilichoingia kilikuwa kikubwa kuliko kile cha kabla. Nikapuliza. Nikangoja tena. Wiki tatu zilipita hivyo. Jumapili ndugu yangu alipopiga nilimwambia kazi inaendelea, na sauti yangu ilitoka na mikwaruzo, akaniuliza kama nina mafua.

Alikuja wiki ya Krismasi na watoto. Milango ilikuwa imepangwa ukutani kwa safu, imekauka. Alipitisha kiganja kwenye ule wa kwanza, akainama kutazama mwanga ukipita juu yake, kama baba alivyokuwa akifanya, na sidhani alijua kwamba anafanya hivyo. Mwalimu naye akaja na pikapu siku hiyo hiyo, akagusa mmoja mmoja, akasema friji yake itaona wivu. Wakasaidiana kuipakia.

“Basi,” ndugu yangu akasema, pikapu ilipotoka langoni. “Ni yako.”

Aliuliza pia ni nani aliyenisaidia. Nikasema hakuna. Akanipigapiga begani, akidhani ananisifu. Januari walipoondoka nilifagia karakana iliyokuwa yangu na hakuna mtu aliyepita asubuhi kuuliza kama nimeamua.

Kibanda cha Mzee kilifungwa mwezi wa Februari. Waliokuwa jirani zake walisema macho yamemsumbua, amekwenda kukaa kwa binti yake upande wa Cheptiret. Nilimwona mara moja baada ya hapo, pale Cheptiret barabarani, nikitoka kuleta mbao. Alikuwa amesimama kando ya magunia ya viazi, amevaa koti zito, anaminya kiazi kimoja kama anayekisikiliza. Nilimwendea. Ilibidi nimwambie mimi ni nani.

“Ah,” akasema. “Habari ya kazi?”

“Nzuri, Mzee. Habari ya macho?”

“Tunashukuru. Mashine inafanya?”

“Inafanya.”

“Vizuri.”

Hakuniita Digrii. Nilitaka aniite. Nilisimama nikingoja kwa muda ambao mtu mwingine angeutumia kuomba msamaha, lakini sikuwa na cha kuombea msamaha bado. Mashine ilikuwa inachukua dakika tatu na sekunde hamsini, na sababu sikuwa nayo. Akanitakia safari njema, akarudi kwa viazi vyake. Alikuwa amenipa namba ya simu zamani. Siku nilipokuja kuipiga ilipokelewa na mwanamke wa Kitale ambaye hakumjua, na aliyenieleza kwa upole kwamba namba hii ni yake sasa, aliinunua dukani kama kila mtu.

Nilimpigia Mzee kwa sababu ya maharagwe.

Hiyo ilikuwa miaka kadhaa baadaye. Karakana ilikuwa na kazi za kutosha, na mimi bado nilikuwa na mashine ile ile ndogo na ile tabia ya kusimama nikingoja. Mama mmoja aliyehamia kutoka Mombasa kuja kulea wajukuu aliniagiza kabati la vyombo. Nilikuwa jikoni kwake napima ukuta, na sufuria ilikuwa inachemka nyuma yangu tangu nilipofika. Akainua kifuniko, akabonyeza haragwe moja kwa kijiko, akakirudisha kwa hasira. Alisema kwao yangekuwa yameshaliwa na vyombo vimeoshwa. Huku maji yanachemka upesi lakini hayapiki. Mkwewe alikuwa amemwambia ni hewa. Hewa ya huku ni nyepesi, ndiyo maana hao wakimbiaji wanatoka nchi za mbali kuifuata Kaptagat.

Nilikuwa nimeshika ncha ya futi kwenye ukuta. Kaptagat ndiko ilikokwenda milango yangu kumi na minane. Nimepishana na wakimbiaji hao barabarani tangu nikiwa mtoto, na kuhusu hewa nyepesi niliandika katika mtihani wa shule na nikapewa alama zote. Nilikuwa nimeuliza kuhusu nyaya, viungo, stima, kichujio, mama wa dukani, na mzee aliyekunywa chai na baba yangu. Kitu pekee ambacho sikukiuliza swali ni kile nilichokuwa nikikivuta puani wakati naandika namba.

Nilipofika nyumbani nilitoa kijitabu cha mashine kwenye droo. Nilikuwa nimekisoma hadi pale penye jedwali, nikaacha. Ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo, ulisema vipimo vyote vilichukuliwa usawa wa bahari. Eldoret iko zaidi ya mita elfu mbili juu ya hapo, na katika kila ndoo ya hewa tunayoivuta huku, zaidi ya sehemu moja kwa tano haipo. Mashine ilikuwa inajaza tangi kwa hewa hiyo pungufu, na ziada niliyojiachia ilikuwa moja kwa kumi.